SOMO LETU: Tuwasaidie Watoto Wetu Kusoma Kiingereza, Wadogo kwa Wakubwa



Wenzetu wa viwandani hapa Bujumbura, wa bandarini, na wale wa mashamba ya chai, miwa na michikichi wanauliza swali moja: "Mtoto wangu anafundishwa Kiingereza shuleni. Mimi mwenyewe sikijui. Nitamsaidiaje?" Somo hili limeandikwa kwa ajili yao. Lisomeni nyumbani, kisha mlijadili katika vikundi. Mwishoni tumeweka maswali ya mazungumzo.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa Julai 1, mwaka 2007. Lugha rasmi iliyowekwa na Mkataba wa Jumuiya hiyo ilikuwa Kiingereza. Tangu katikati ya miaka ya 2000 Kiingereza na Kiswahili vimeingia katika shule zetu za msingi pamoja na Kirundi na Kifaransa, na sheria ya mwaka 2014 ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya nchi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Kwa hiyo mtoto wa Buyenzi anayesema Kiswahili nyumbani na Kirundi barabarani anatazamiwa kusoma lugha nne kabla hajabalehe.

Tusidhani kwamba Kiingereza ni mambo ya ofisini tu. Chai tunayoichuma Teza na Rwegura huuzwa kwenye mnada wa Mombasa, na mnada huo hufanywa kwa Kiingereza. Mizigo mingi inayoshushwa bandarini kutoka upande wa Tanzania na Zambia imeandikwa kwa Kiingereza. Vikopo vya dawa za kuua wadudu na pakiti za vidonge vya hospitali, nyingi ni hivyo hivyo. Vijana wanaokwenda kutafuta kazi Ghuba ya Uarabuni hutiwa mkononi mikataba ya Kiarabu na Kiingereza, wakaambiwa, "Weka sahihi hapa."

Mtoto wa tajiri ananunuliwa vitabu na kuwekewa mwalimu wa nyumbani. Mtoto wa mchuma chai hukaa katika darasa lenye wanafunzi wengi na vitabu vichache. Tukinyamaza, lugha itakuwa ukuta mwingine wa kuwatenga watoto wetu.

1. Kusoma maana yake nini

Mtoto anayetamka maneno yote ya ukurasa bila kujua yanasema nini bado hajasoma. Kusoma ni kupata maana kutoka katika maandishi. Kutamka ni mlango tu, nyumba yenyewe ni maana.

Kutokana na hilo tunapata kanuni mbili zitakazotuongoza katika somo lote. Kwanza, mtoto asipewe kusoma neno la Kiingereza ambalo hajapata kulisikia wala kujua maana yake. Sikio litangulie, kisha mdomo, kisha jicho. Pili, mtoto aliyekwisha kujua kusoma vizuri kwa Kirundi au Kiswahili hana haja ya kuanza upya. Anajua tayari kwamba alama zilizo karatasini husema. Mzazi anayemkazania mwanawe asome Kirundi sawasawa anamjengea msingi wa Kiingereza pia.

2. Herufi moja, lugha nne

Tuchukue neno tunalolijua sote: chai. Kwa Kirundi tunaandika "icayi", na herufi c inasomwa kama ch ya Kiswahili. Kwa Kifaransa ni "thé", na h yake haisikiki. Kwa Kiingereza ni "tea", herufi tatu kwa sauti mbili.

Kirundi na Kiswahili ni lugha zenye uaminifu katika maandishi: karibu kila herufi ina sauti yake, na neno husomwa kama lilivyoandikwa. Kiingereza sivyo. Mtoto aliyezoea c ya "icayi" akikutana na "cup", yaani kikombe, atasoma "chupu". Huyo mtoto si mjinga. Ametumia kanuni ya Kirundi mahali pasipo Kirundi. Tusimcheke wala tusimpige. Tumwambie: "Hapa c imebadilisha kazi."

Yako mambo matatu ambayo watoto wetu hukwama, nasi yafaa tuyajue:

(a) R na L. Kirundi hakizitofautishi sauti hizi, na Kiingereza kinazitofautisha sana. "Rice" ni mchele, "lice" ni chawa. Hakuna anayetaka kuuziwa kilo mbili za chawa. Mtoto asikilize maneno hayo mawili mara nyingi kabla ya kuyasoma.

(b) Mwisho wa neno. Maneno yetu huishia kwa irabu, kwa hiyo mtoto huongeza irabu isiyokuwapo: "bus" inakuwa "basi", "book" inakuwa "buku". Azoezwe kulikata neno pale linapokatika.

(c) Herufi zisizosikika. "Tap" ni bomba la maji. Ukiongeza e mwishoni unapata "tape", yaani utepe. Hiyo e haitamkwi, lakini imebadilisha sauti ya a. Mtoto mdogo anayejua Kirundi peke yake hushangaa sana. Mkubwa aliyekwisha kusoma Kifaransa hashangai, maana kule amekwisha kuziona herufi nyingi zinazonyamaza. Hii ni sababu mojawapo ya kutowafundisha wadogo na wakubwa kwa namna moja.

3. Tupime kwanza mtoto amefika wapi

Fundi hafungui mashine kabla hajaisikiliza. Nasi tusianze kumfundisha mtoto kabla hatujajua amefika wapi.

Shirika la Pratham la India lilianza mwaka 2005 kuwapima watoto vijijini kwa njia nyepesi sana. Mwaka 2009 wenzetu wa Kenya, Tanzania na Uganda walianzisha kazi ya namna hiyo na kuiita Uwezo. Watu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba na karatasi moja, wakimwomba kila mtoto asome. Waliona kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Walikuwa shuleni, madaftari wanayo, lakini kusoma hawajui.

Kipimo chenyewe tunaweza kukifanya hapa kwetu kwa karatasi na kalamu. Kina ngazi tano:

Ngazi ya 1: mtoto hajui herufi.
Ngazi ya 2: anazijua herufi, lakini hawezi kusoma neno.
Ngazi ya 3: anasoma maneno mafupi, kama "bag", "pen", "sun".
Ngazi ya 4: anasoma sentensi tatu au nne nyepesi.
Ngazi ya 5: anasoma hadithi fupi na kujibu swali juu yake.

Mzazi asiyejua Kiingereza amwombe kijana wa sekondari au mwenzake wa kazini ashike karatasi. Dakika 5 kwa mtoto mmoja zinatosha.

Pratham walijifunza jambo kubwa: katika kufundisha kusoma, wapange watoto kwa ngazi waliyofikia, si kwa umri wala darasa. Mtoto wa miaka 12 aliye ngazi ya 2 akipewa kitabu cha darasa lake atakaa kimya na kuona haya. Akikutwa pale alipo, atapanda upesi. Lakini jihadharini: ngazi ikiwa moja, namna ya kusema na mtoto si moja. Mkubwa asiimbishwe nyimbo za watoto wadogo, ataona anadharauliwa. Ngazi hutuambia tufundishe nini. Umri hutuambia tufundishe vipi.

4. Watoto wa miaka 6 hadi 8: sikio na mkono

Watoto hawa hujifunza kwa kucheza na kwa kurudia. Yafuatayo yanafaa:

Taja vitu vilivyomo nyumbani kwa Kiingereza, na mtoto aviguse: "door", "bed", "cup". Akishavijua kwa sikio, andikeni majina kwenye vipande vya katoni na kuvibandika juu ya vitu hivyo. Kila siku mtoto apite akisoma. Baada ya wiki moja vitoeni, mvichanganye, naye avirudishe mahali pake.

Chezeni mchezo wa sauti ya kwanza: "Nani ataniletea kitu kinachoanza kwa sauti ya b?" Mchezo huu hauhitaji hata karatasi.

Mkubwa anaposoma kwa sauti, mdogo afuate kwa kidole chini ya maneno. Aone kwamba maandishi ya Kiingereza huanza kushoto na kwenda kulia, na kwamba nafasi nyeupe ndiyo inayotenga neno na neno. Hili ni la lazima hasa kwa watoto wa Buyenzi na Bwiza wanaosoma pia madrasa, ambako macho yao yamezoea kuanza kulia.

Dakika 10 kwa siku zinatosha. Mtoto akichoka, acheni.

5. Watoto wa miaka 9 hadi 12: kusoma sentensi na kukisia kwa akili

Umri huu ndio wa kumpa mtoto vyombo vya kazi. Tunataja vitano:

Kwanza, atazame picha na kichwa cha habari kabla ya kusoma, aseme kwa Kirundi au Kiswahili anadhani habari itahusu nini.

Pili, asisimame kwenye kila neno asilolijua. Asome mpaka nukta, kisha arudi.

Tatu, alikisie neno kwa majirani zake. Tuseme amekuta sentensi hii: "The man took a spanner and fixed the wheel." Hajui "spanner". Lakini ameona kwamba mtu amekichukua kitu fulani, kisha akatengeneza gurudumu. Basi ni chombo cha kazi.

Nne, ajiulize: "Nilichosoma kina maana?" Kama hakina, arudie.

Tano, asimulie habari kwa lugha ya nyumbani. Asiyeweza kusimulia hajaelewa.

Hapa Kiswahili kina msaada ambao wengi hatujautambua. Lugha yetu imekopa maneno mengi kutoka Kiingereza, na mtoto anayesema Kiswahili anayo tayari mdomoni: koti ni "coat", blanketi ni "blanket", penseli ni "pencil", kabati ni "cupboard", tiketi ni "ticket", baiskeli ni "bicycle". Fundi aliyefanya kazi Kigoma au Dar es Salaam anajua spana, nati, gia, breki, injini na pampu. Maneno yote hayo ni ya Kiingereza yaliyovaa nguo za Kiswahili. Baba wa namna hiyo asiseme, "Mimi sijui Kiingereza." Akae na mwanawe, wayaandike maneno hayo katika safu mbili, watazame yalivyobadilika. Mtoto atapata maneno 30 kwa jioni moja.

6. Vijana wa miaka 13 hadi 16: kusoma kwa kusudi

Kijana hapendi kusoma sentensi za paka na kofia. Anataka kujua yanayotendeka duniani. Apewe maandishi ya kweli: habari ya mpira, tangazo la kazi, karatasi ya dawa, maelezo ya mashine.

Kwanza, asome maswali kabla ya kusoma habari, ili ajue anatafuta nini. Kisha apitishe macho haraka juu ya vichwa, tarakimu na majina. Ndipo asome polepole sehemu yenye jibu.

Pili, atumie Kifaransa chake. Maneno "nation", "question", "table", "machine" na "danger" yanaandikwa sawa katika lugha zote mbili, na yako maelfu mengine ya namna hiyo. Lakini wako marafiki wa uongo, nao ni hatari. "Library" kwa Kiingereza ni maktaba, na "librairie" kwa Kifaransa ni duka la vitabu. "Pain" kwa Kifaransa ni mkate, na kwa Kiingereza ni maumivu. Ukiliona neno hilo kwenye pakiti ya vidonge, usidhani umeambiwa umeze dawa na mkate. Na liko jingine: "poisson" ya Kifaransa ni samaki, lakini "poison" yenye s moja ni sumu, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza vilevile. Herufi moja tu imetenga chakula na mauti.

Tatu, ayaheshimu maneno madogo. Vijana wengi hukimbilia maneno marefu na kuyaruka "not", "only", "before", "after". Sasa tazameni: "Take after meals" ni kumeza baada ya kula, na "before meals" ni kabla ya kula. "Do not drink" ni usinywe. Akiliruka "not" kwenye kikopo cha dawa ya shamba, amesoma kinyume. Mkataba pia hivyo hivyo: neno dogo moja laweza kumnyima mfanyakazi haki yake.

7. Umri mbalimbali katika chumba kimoja

Katika nyumba zetu na katika vyumba vya matawi hatuwezi kupata walimu watatu kwa rika tatu. Tutumie habari moja kwa wote. Huu ni mfano tulioutunga:

"Aisha has a big bag. The bag is full of rice. She gets on a boat. The boat goes to Kigoma."

Yaani: Aisha ana mfuko mkubwa. Mfuko umejaa mchele. Anapanda chombo. Chombo kinakwenda Kigoma.

Mkubwa asome kwa sauti mara mbili, wengine wasikilize. Kisha wadogo wachore mfuko na chombo, na kuonyesha neno "bag" kila linapotokea. Wa kati wasome sentensi moja moja, watafute maneno yanayoanza kwa b, na kusema r ya "rice" sawasawa. Wakubwa waulize maswali kwa Kiingereza: nani, wapi, kitu gani. Halafu waandike sentensi mbili za kuendeleza safari ya Aisha. Mwisho mdogo kuliko wote asimulie habari nzima kwa Kirundi au Kiswahili, na wakubwa wasahihishe.

Nusu saa imetosha. Wote wamefanya kazi moja, kila mmoja kwa nguvu yake. Mkubwa naye amefaidika, maana anayemfundisha mwenzake hujifunza mara mbili.

8. Mzazi asiyejua Kiingereza

Ndugu, usijidharau. Mwaka 1865, katika viwanda vya sigara vya Havana, Kuba, wafanyakazi walianza kumweka msomaji awasomee magazeti na vitabu kwa sauti wakati mikono yao inasokota tumbaku. Walimlipa kwa michango kutoka mishahara yao wenyewe. Wengi wao hawakujua kusoma, lakini walisikiliza, wakabishana, wakaelimika. Masikio yao yalikuwa shule.

Wewe nawe unaweza kuwa msikilizaji wa mtoto wako. Jioni mwambie: "Nisomee." Hata usipofahamu neno, utajua kama anasoma kwa kujiamini au anakwamakwama. Akimaliza muulize mambo matatu kwa lugha yenu: Habari hii inahusu nini? Neno gani lilikushinda? Ulifanya nini liliposhinda? Swali la tatu ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa sababu linamfundisha mtoto kutafuta njia mwenyewe badala ya kukaa kungoja. Na jambo moja zaidi: usimpe binti kazi zote za jioni huku kaka yake akisoma. Ndoo ya maji ichukuliwe kwa zamu.

9. Kazi ya tawi

Mambo mengine hayawezekani kwa mzazi mmoja mmoja, ila kwa umoja. Tawi laweza kutoa chumba chake saa mbili kila Jumamosi. Laweza kukusanya vitabu vilivyotumika, magazeti ya zamani na katoni safi za kuandikia. Laweza kuwaomba vijana waliomaliza sekondari wajitolee. Katika mazungumzo na mwajiri, hasa kule mashambani ambako shule iko mbali, kabati la vitabu kwa watoto wa wafanyakazi ni ombi la haki. Na maonyo juu ya dawa na mashine yaandikwe kwa lugha ambayo mfanyakazi mwenyewe anaisoma leo. Tusingoje mtoto akue ndipo aje kumsomea baba yake.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kikundi chenu kuna watoto wangapi wa kila umri? Nani atawapima kwa zile ngazi tano, na lini?
2. Taja maneno 10 ya Kiswahili unayoyatumia kazini ambayo asili yake ni Kiingereza. Yaandikeni katika safu mbili.
3. Mtoto wa miaka 12 yuko ngazi ya 2, na mdogo wake wa miaka 8 yuko ngazi ya 3. Mtawafundishaje pamoja bila kumwaibisha mkubwa?
4. Leteni kikopo au pakiti moja yenye maandishi ya Kiingereza. Ni maneno gani madogo ambayo mtu akiyaruka ataleta hatari?
5. Tawi letu laweza kuanza jambo gani mwezi huu bila kungoja fedha?

Kikundi kichague mwandishi, aandike majibu na kuyapeleka kwa katibu wa tawi. Mti mkunje ungali mbichi, wahenga walisema. Basi tusingoje.